Mti Hunywa Maji Kiasi Gani?

Msafiri apandaye gari-moshi la TAZARA kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hufika Mlimba baada ya kulipita Bonde la Kilombero karibu urefu wake wote. Hapo ndipo tambarare inapokaribia kwisha, na reli huanza kupanda kuelekea Makambako kwa madaraja na mahandaki mengi. Upande mmoja imesimama Milima ya Udzungwa; upande wa pili yametanda mashamba ya mpunga, mabwawa na malisho, na katikati yake mivumo imesimama mirefu kama nguzo.

Kwa mgeni, Mlimba ni nchi ya maji. Mvua ya bonde hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na mito mingi huteremka kutoka milimani. Mmojawapo, Mto Kihansi, huzungusha mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 180, iliyofunguliwa mwaka 2000. Uwanda wa mafuriko wa Kilombero uliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji hutoka katika bonde hili, na kwa hiyo Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, hulitegemea kwa kiasi kikubwa.

Hata hivyo, baina ya Juni na Oktoba mvua huadimika, vijito hupungua na baadhi ya chemchemi hubakia tope. Ndipo mabishano ya zamani yanapofufuka. Mmoja husema: "Mti ndio uletao maji, tumekata miti, maji yamekwenda." Mwingine hujibu: "La, mti ndio uyamalizao, tangu ipandwe mitiki na mikaratusi, kisima hakijai." Kila mmoja ana ushahidi wa macho yake, na kila mmoja anataka uamuzi: mti upandwe, au mti ukatwe.

Uamuzi wa namna hiyo ukikosewa, huchukua miaka kurekebishwa. Kwa hiyo haifai kuukata kwa wingi wa sauti. Kabla ya kuuliza kama miti huleta au humaliza maji, hapana budi kuuliza swali dogo zaidi, ambalo lina jibu la tarakimu: mti mmoja hunywa lita ngapi kwa siku, na katika majira gani? Makala haya yanaeleza jinsi wanasayansi walivyopata njia ya kulijibu.

SAFARI YA MAJI NDANI YA MTI

Mwanafunzi wa biolojia anajua kwamba maji huingia mtini kwa njia ya vinywele vya mizizi, hupanda katika mirija myembamba ya zailemu, na hatimaye hutoka majanini yakiwa mvuke, kupitia vitundu vidogo viitwavyo stomata. Sehemu ndogo sana ya maji hayo ndiyo hubaki kujenga mwili wa mti. Zaidi ya sehemu tisini katika kila mia hupita tu na kurudi hewani.

Jambo la ajabu ni kwamba mti hauna moyo wala pampu. Mwaka 1894 wataalamu wawili wa Dublin, Henry Dixon na John Joly, walieleza kwamba nguvu ya kupandisha maji hutoka juu, wala si chini. Molekuli za maji hushikamana. Molekuli moja itokapo jani kuwa mvuke, huivuta ile inayoifuata, nayo huvuta nyingine, hadi mvuto huo ufike mizizini. Maji yamo ndani ya mti kama uzi mrefu uliokazwa, unaovutwa na jua na ukavu wa hewa.

Kwa nini mti upoteze maji mengi hivyo? Kwa sababu stomata zile zile zitoazo mvuke ndizo ziingizazo gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo jani hulitumia kutengeneza chakula. Mti ukizifunga ili kuhifadhi maji, hufa njaa. Ukizifungua ili ule, hutoka jasho. Maisha ya mti ni kupima baina ya njaa na kiu.

Hapa inafaa kuondoa utata mmoja. Mgema akatapo shada la maua la mnazi hupata utomvu mtamu. Utomvu huo hutoka katika floemu, njia nyingine kabisa, ichukuayo sukari kutoka majanini kwenda sehemu nyingine za mti. Kiasi cha tembo kilichomo katika kibuyu cha mgema hakitujulishi kiasi cha maji kipandacho kutoka ardhini.

KUTOKA MIZANI HADI SINDANO

Njia ya kwanza ya kupima ilikuwa mizani. Mwingereza Stephen Hales, katika kitabu alichokitoa mwaka 1727, alieleza jinsi alivyopanda alizeti katika chungu, akakifunika ili maji yasitoke kwenye udongo, kisha akakipima asubuhi na jioni. Uzito uliopungua ulikuwa maji yaliyotoka majanini: kwa wastani zaidi ya nusu kilo kwa saa kumi na mbili za mchana. Njia hiyo bado ni sahihi, lakini ni nani atakayeuweka mizanini mvumo wenye urefu wa mita ishirini?

Mwaka 1932 Bruno Huber alipata wazo jingine. Mtu atakaye kujua mwendo wa mto hutupa kijiti majini na kuhesabu sekunde hadi kifike darajani. Ndani ya mti hakiwezi kutupwa kijiti, lakini joto laweza. Huber aliyapasha moto maji yaliyomo katika shina kwa muda mfupi sana, kisha akapima muda uliopita hadi joto hilo lilipofika sehemu ya juu. Joto likawa ndilo kijiti, na mti ukawa ndio mto.

Mwaka 1985 Mfaransa André Granier alieleza njia rahisi zaidi, ambayo imeenea duniani. Yeye hakutumia joto la ghafla, bali joto lisilokoma. Sindano mbili, kila moja yenye urefu wa sentimita 2, huchomekwa shinani, moja juu na nyingine chini yake. Ya juu hupashwa moto kwa umeme kidogo usiobadilika, kiasi cha wati 0.2. Ya chini haipashwi. Kazi yake ni kuonyesha joto la kawaida la mti. Kila moja ina thamokapo, yaani kiungo cha nyaya za metali mbili kinachopima joto, na chombo cha kuweka kumbukumbu huandika tofauti baina yao mchana na usiku.

Usiku stomata hufungwa, maji husimama, na joto hujikusanya kandokando ya sindano. Tofauti huwa kubwa. Jua lichomozapo maji huanza kupanda, hupita kando ya sindano ya moto na kuchukua sehemu ya joto lake, kama chuma cha moto kinavyopoa upesi zaidi katika maji yatiririkayo kuliko katika maji yaliyotuama. Kadiri maji yaendavyo kasi, ndivyo tofauti ipunguavyo.

HESABU YAKE

Hesabu hii haimshindi mwanafunzi wa sekondari. Tuseme tofauti kubwa ya usiku ni M, na tofauti ya wakati wowote wa mchana ni T. Kwanza hutafutwa namba K:

K = (M − T) ÷ T

Kisha, kwa kanuni aliyoipata Granier kwa majaribio, kiasi cha maji kinachopita kwa saa katika kila sentimita moja ya mraba ya mti upitishao maji ni:

42.8 × K kwa kipeo cha 1.231

Chukua mfano wa mazoezi tu. Usiku tofauti ni digrii 10 za Selsiasi; saa sita mchana ni digrii 8. Basi K ni 2 ÷ 8, yaani 0.25. Namba hiyo ikiinuliwa kwa kipeo cha 1.231 hupatikana karibu 0.18, na ikizidishwa kwa 42.8 hupatikana karibu sentimita za ujazo 7.8 kwa saa. Ikiwa sehemu ya shina ipitishayo maji ina eneo la sentimita za mraba 200, mti huo unapitisha sentimita za ujazo 1,560 kwa saa, au lita moja na nusu na kidogo. Ukiendelea hivyo kwa saa kumi, utakuwa umekunywa kiasi cha lita 15.

Sasa hatua ya mwisho, ambayo husahauliwa mara nyingi. Milimita 1 ya maji juu ya hekta moja ni lita 10,000. Shamba lenye miti 400 ya namna hiyo kwa hekta litatumia lita 6,000 kwa siku, yaani milimita 0.6. Sasa matumizi ya miti yamefikishwa katika kipimo kile kile cha mvua, na vitu viwili vilivyokuwa vikibishaniwa vyaweza kuwekwa katika mizani moja.

MTENDE NA NDUGU ZAKE

Hesabu hiyo ina sharti moja kubwa: lazima ijulikane ni sehemu gani ya shina ipitishayo maji. Katika mti kama mtiki au mkangazi, maji hupita katika tabaka la nje. Kiini cheusi cha katikati kimekwisha kufa na hakipitishi kitu. Mpimaji hutoboa tundu jembamba, huangalia rangi ya ubao, na huipata mipaka.

Jamii ya minazi na mitende ni tofauti kabisa. Katika Bonde la Kilombero jamii hiyo inawakilishwa na mvumo wa uwandani na mkindu wa kando ya mito, ambao makuti yake hutoa ukindu wa kusukia mikeka. Mkindu ni ndugu wa karibu wa mtende. Wote wawili ni wa jenasi ya Phoenix. Mtende wenyewe haufai bonde hili, kwa sababu mvua na unyevu wa hewa huharibu tende wakati wa kuiva. Lakini umbo la ndani la shina lao ni la aina moja.

Shina hilo halina kambiamu wala kiini kilichokufa. Mirija ya maji imetawanyika shina zima katika vifungu vidogo vidogo, kama nyuzi ndani ya kamba. Kwa hiyo sindano ya sentimita 2 huona sehemu ndogo tu ya habari. Lazima ziwekwe sindano za vina mbalimbali. Shina pia ni ghala. Asubuhi majani huweza kutumia maji yaliyohifadhiwa ndani yake, na usiku mizizi huendelea kulijaza tena. Basi ile dhana ya kwamba usiku maji husimama kabisa huweza kumdanganya mpimaji. Aidha, kwa kukosa kambiamu, tundu lililotobolewa halizibiki kama katika miti mingine. Ndiyo maana kanuni iliyopatikana kwa miti ya Ulaya haikubaliwi kwa mitende mpaka ihakikishwe upya, kwa mfano kwa kipande cha shina ambacho maji yapitishwayo ndani yake yamepimwa kwanza.

Watu wamejitaabisha kufanya hivyo kwa sababu nzito. Katika oasisi za Tunisia na katika Falme za Kiarabu, mitende hunyweshwa maji ya ardhini ambayo hupungua na kuingiwa na chumvi. Mkulima akizidisha maji, anakula akiba ya wajukuu wake. Akipunguza mno, mavuno hushuka na chumvi hujikusanya mizizini. Huko wataalamu wamepima mwendo wa maji katika mashina ya mitende ili umwagiliaji ufuate kiu halisi ya mti badala ya mazoea.

MTIKI, MKARATUSI NA KIANGAZI

Turudi Mlimba. Mtiki si mti wa asili wa Afrika. Uliletwa Tanganyika wakati wa utawala wa Wajerumani. Katika Bonde la Kilombero mashamba makubwa yake yalianza kupandwa katika miaka ya 1990. Je, ni kweli kwamba mtiki hukausha chemchemi wakati wa kiangazi?

Mtiki hupukutisha majani katika majira makavu. Huko Mae Moh, kaskazini mwa Thailand, ambako wataalamu walipima mwendo wa maji katika mitiki kwa miaka kadhaa, ilidhihirika kwamba msimu wa kunywa hufuata unyevu wa udongo. Udongo ukikauka, unywaji hupungua na kukoma. Mvua zikirudi, huanza tena, na urefu wa msimu hubadilika mwaka hata mwaka. Mtiki usio na majani mwezi wa Septemba haunywi maji ya kutajika. Lakini hoja haiishii hapo. Maji yaliyonywewa mwezi wa Machi ni maji ambayo huenda yangezama ardhini na kutokea katika chemchemi mwezi wa Septemba. Mti waweza kuwa umelala wakati deni lake linapolipwa.

Mkaratusi hali yake ni nyingine, kwa kuwa hubaki na majani mwaka mzima na mizizi yake huenda chini sana. Mfano mashuhuri ni wa Mokobulaan, Afrika Kusini. Mwaka 1969 mikaratusi ilipandwa katika bonde dogo la majani lililokuwa na kijito. Mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Miti ilipokatwa ikiwa na umri wa miaka 16, kijito hakikurudi mara moja. Ilichukua kiasi cha miaka mitano mingine, kwa sababu akiba ya chini ilikuwa imenywewa na ilibidi ijazwe kwanza.

KUTOKA MTI MMOJA HADI BONDE ZIMA

Je, mbishi wa pili ameshinda? Siyo kabisa. Tanzania yenyewe ina ushahidi wa kale. Mwaka 1958, karibu na Mbeya, ulianza uchunguzi wa kulinganisha mabonde mawili madogo yenye miteremko mikali: moja lenye msitu wa asili, la pili likilimwa na wenyeji. Kwa muda wa miaka kumi hivi bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi kijitoni, hata wakati wa kiangazi. Msomaji asikimbilie kushika shoka. Udongo wa pale ni wa majivu ya volkano, unaofyonza mvua kwa namna isiyo ya kawaida, hata baada ya kulimwa. Mahali penye udongo wa kawaida, ulioachwa wazi na kukanyagwa na mifugo, mvua hupiga, udongo hufunga, na maji hukimbia juu ya ardhi yakichukua rutuba. Hapo mti hauhesabiwi kwa lita unazokunywa tu, bali pia kwa lita unazosaidia kuzamisha.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 kutoka Saponé, Burkina Faso, uliweka pande hizo mbili katika hesabu moja. Mashambani mwenye miti iliyotawanyika, maji mengi zaidi yalizama hadi chini ya mizizi kuliko mahali pasipo na miti kabisa, na pia kuliko ambavyo yangezama mahali palipojaa miti. Miti michache ililegeza udongo kuliko ilivyokunywa. Ikizidi, unywaji ulishinda.

Basi wale wabishi wawili wa Mlimba kila mmoja ameshika kweli nusu. Jibu hutegemea aina ya mti, idadi yake kwa hekta, majira ya kunywa, na hasa hali ya udongo ulio chini yake. Kando ya mto kuna jambo la ziada: mizizi ya miti ya asili, ukiwemo mkindu, hushika kingo zisiporomoke. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kupanda mikaratusi kwenye chemchemi ni kosa la hesabu. Kuufyeka msitu wa mtoni kwa kisingizio cha kuokoa maji ni kosa jingine.

KAZI KWA SHULE

Sindano za joto si rahisi kupatikana shuleni, lakini kanuni ya kupima haihitaji umeme. Mwalimu aweza kuanza na majaribio matatu.

La kwanza ni la Hales: miche miwili ya aina mbalimbali katika makopo, udongo ukiwa umefunikwa kwa nailoni, ipimwe uzito asubuhi na jioni kwa siku saba. Wanafunzi walinganishe siku ya jua na siku ya mawingu.

La pili: tawi lenye majani yaliyohesabiwa lifungwe ndani ya nailoni angavu kwa saa moja, na maji yaliyojikusanya yapimwe. Wanafunzi waambiwe mapema kwamba hewa ndani ya nailoni hulowa upesi na kupunguza utokaji wa mvuke. Kwa hiyo matokeo hufaa kulinganisha mti na mti, si kukadiria lita za mti mzima.

La tatu ndilo lenye faida kubwa kwa kijiji. Ndoo ya lita 10 iwekwe chini ya mfereji wa chemchemi, na mwanafunzi ahesabu sekunde hadi ijae. Ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa lita 15 kwa dakika. Kazi hiyo irudiwe siku ile ile ya kila juma, pamoja na kipimo cha mvua, na tarakimu ziandikwe katika daftari moja lisilotoka shuleni. Darasa moja likimaliza masomo, lirithishe daftari kwa darasa linalofuata.

Baada ya miaka mitano daftari hilo litakuwa na vipimo zaidi ya mia mbili na hamsini. Siku wanakijiji watakapokutana kubishana kama mitiki ikatwe au iachwe, mtu mmoja ataweza kusimama na kusoma jinsi chemchemi ilivyokuwa kabla ya miti, ilivyokuwa miti ilipokua, na mvua ilinyesha kiasi gani katika kila mwaka.